Bendeji ya Hisabati

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeukwepa ubao! Kwa leo tu. Mwalimu Getruda wa hisabati ana desturi ya kuita mtu mbele, anampa chaki, halafu anasubiri. Mimi nikishika chaki naganda. Leo nilijikunja nyuma ya mgongo wa Masele, mrefu kuliko wote kidato cha pili, mpaka kengele ikalia.
Lakini Ijumaa kuna jaribio. Mama kaapa nikileta F nyingine nahamia Sengerema kwa Baba Mdogo, nikasome chini ya jicho lake. Baba Mdogo huwaamsha watu kwa kuwauliza saba mara nane. Sitaki! Nataka kubaki Buswelu, na kitanda changu, na kelele za Mama.
Nimepata wazo. Mwenye mkono mbovu hashiki chaki.

Jumanne, 12 Agosti
Bendeji, mkono wa kulia, hadi kiwiko. Nimeifunga njiani, Mama asione. Shuleni nikasema nimeanguka nyumbani. Masele akauliza kwa sauti kama nimevunjika nikihesabu vidole. Wakacheka. Wacheke tu, mimi niko salama.
Sikuwa salama! Mwalimu akaniita vilevile. Akasema pole baba, mkono upumzike, mdomo ufanye kazi. Mimi nieleze, Safia aandike. Safia! Shule ya msingi alisoma kwa Kiingereza, anaongea kama redio. Mimi nilisoma kwa Kiswahili, na akili yangu ya hesabu ilibaki darasa la saba.
Swali likasomwa kwa Kiingereza. Nikatazama dari. Mwalimu akalirudia kwa Kiswahili, akasema leo anaruhusu: umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mwanawe, baada ya miaka kumi na miwili utakuwa mara mbili. Wana miaka mingapi?
Kumbe ndilo hilo tu! Nikasema mtoto apewe fungu moja, baba matatu. Halafu kila mmoja aongezwe kumi na mbili, maana wanazeeka wote. Mtoto mara mbili ni mafungu mawili na ishirini na nne, baba ni matatu na kumi na mbili, basi fungu moja ni kumi na mbili. Safia akawa anaandika x kila nilipotaja fungu. Hiyo x naiogopa tangu kidato cha kwanza. Kumbe ni fungu! Mtoto kumi na mbili, baba thelathini na sita.
Nimerudi kwenye kiti changu mbio, nikakosea dawati. Kwa furaha, nadhani.

Jumatano, 13 Agosti
Safia kanifuata wakati wa mapumziko. Eti yeye kakariri tu njia, sababu hazijui. Kaomba nimweleze kwa mafungu, naye anipe maneno ya Kiingereza. Tumekaa karibu na bomba la maji. Nimeongea na viatu vyake muda wote, lakini nimeongea.
Kwa furaha nimesahau kuvua bendeji! Mama kaiona mlangoni. Nikamwambia nimeanguka shuleni. Hakuuliza mara mbili, kanipeleka kwa jirani, Bibi Ng'washi, anayekanda watu mifupa. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba mjukuu wangu, akauvuta mkono. Samli ya moto, kidole kimoja kimoja, halafu kiwiko. Nilitaka kukiri, kilio kikatangulia. Bibi akamwambia Mama mkono sasa umerudi mahali pake.
Ulikuwa mahali pake!

Alhamisi, 14 Agosti
Umevimba. Kweli kweli. Hata kijiko sishiki. Mama kanilisha ugali kwa mkono wake, umri huu! Kesho jaribio na siwezi kuandika. Sengerema naiona hii hapa.
Nikamweleza Safia, si ukweli wote, uvimbe tu. Akaniambia acha kujiliza, Muharami, mdomo haujavimba. Tukafanya maswali mchana kutwa, mimi nikisema, yeye akiandika. Sijui nimshukuruje. Nikamwambia viatu vyake vizuri.

Ijumaa, 15 Agosti
Mwalimu kanifanyisha jaribio ofisini kwake. Mimi natamka, yeye anaandika, hata ninapokosea, uso mkavu kabisa. Nilianza kila swali kwa Kiswahili, nikamalizia kwa maneno ya Safia. Jasho mpaka soksi.

Jumanne, 19 Agosti
C! C yenye afya! Sengerema imefutwa. Mama kampigia simu Baba Mdogo, kapiga kigelegele kwanza, salamu baadaye. Namshukuru Mungu. Namshukuru Mwalimu aliyeniandikia kwa mkono wake. Namshukuru Safia, ambaye naye kapata A na kasema ni ya mafungu. Hata Bibi Ng'washi nimempelekea samaki, sato mzima, akanibonyeza kiwiko, akaridhika. Sijawahi kuwa na watu wengi hivi upande wangu. Nilitaka kuwaambia ukweli leo hii.
Lakini Mwalimu kaniita. Anasema kidato cha kwanza wamejaa watoto kama mimi, waliosoma kwa Kiswahili na sasa wanaganda. Alhamisi niwafundishe mafungu. Mbele. Peke yangu! Nikasema ndiyo mwalimu, asante mwalimu. Na natamani kweli wasaidike, maskini. Ila kusimama mbele ya macho yote yale?
Nimepata wazo. Kuanzia kesho sauti imenikauka. Sitoi hata mguno. Asiye na sauti hafundishi, watamweka Safia aeleze, mimi nitakaa pembeni nikimwombea. Safari hii hakuna pa kunikamata. Mkono umepona, ndiyo, lakini mkono mtupu utamfundisha nani hisabati?