Karatasi Nyeupe ya Binti Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Tumefika salama nchi ya watu. Miguu imevimba kama mito ya kulalia. Watoto arobaini wa okestra ya shule, mwalimu wao wa muziki, na wazazi wawili wa kusaidia. Mimi, fundi cherehani, nishone vifungo na kupiga pasi sare. Mwenzangu, mama wa binti anayeongoza fidla, agawe dawa na kutuamrisha. Namwita Mama Fidla. Kimoyomoyo lakini.

Binti yangu anapiga tarumbeta. Tangu uwanja wa ndege ameniomba: Mama, tafadhali, usinisaidie. Nimemwambia sawa. Halafu nikamfunga skafu ya pili shingoni. Hiyo si kusaidia, hiyo ni baridi.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Mazoezi ya kwanza kwenye ukumbi wa wenyeji. Viti vyekundu. Zulia limenyooka kama limepigwa pasi. Nimekaa nyuma nashona kifungo, macho jukwaani. Jamani! Wenzake wanafanya kazi, mikono inakwenda, jasho linawatoka. Wangu amekaa na tarumbeta mapajani kama abiria. Wimbo mzima kapuliza mara tatu!

Mama Fidla akanisogelea. Akasema pole mwenzangu, naona wako leo kapumzishwa. Wa kwake, eti, hapati hata nafasi ya kujikuna. Nikacheka. Meno tu.

Mchana nikakunja sare pembeni ya meza ya mafaili ya nota. Nikachungulia. Shule sikwenda sana na nota sizijui, lakini karatasi iliyojaa naijua, na isiyojaa naijua. Ya binti wa fidla nyeusi tii, utadhani siafu wamehamia. Ya mwanangu nyeupe! Mistari mitupu, juu yake tarakimu: 16, 20, 48. Basi nikaelewa. Mwanangu kanyimwa. Kupanda ndege siku nzima kuja kukalishwa!

Nimepata wazo. Moyo umetulia kabisa.

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Asubuhi, kabla ya watu kuingia, nimebadilisha karatasi. Za fidla kwenye faili la mwanangu, za mwanangu kwenye faili la fidla. Hakuna aliyedhulumiwa. Mmoja apate kazi, mwingine apate kujikuna.

Saa nne mwalimu akainua kifimbo. Wenyeji wamekaa mstari wa mbele. Wengine wakaanza, fidla ya kuongoza kimya! Binti wa watu anaitazama karatasi kama barua ya mahakama. Wangu anageuza zake juu chini. Mwalimu akasimamisha kila kitu.

Mama Fidla akasimama, akasema mbele za watu kwamba huo ni wivu, wa tarumbeta kamwibia mwanawe karatasi. Mwalimu akamuuliza binti yangu. Akasema si yeye. Mwalimu akasema basi, mpaka mwenye kosa ajulikane, kesho huyu hapandi jukwaani.

Mimi nilikuwa nyuma ya makoti yaliyotundikwa. Nilikusudia kukaa humo mpaka safari iishe. Nikaona kidevu cha mwanangu kinacheza, vilevile kama siku ya chanjo alipokuwa mdogo. Nikatoka na pini mdomoni. Nikasema ni mimi. Kwa sababu ya pini ikabidi niseme mara mbili.

Ukumbi ulicheka! Wenyeji wakatafsiriwa, wakacheka kwa zamu yao. Binti yangu hakucheka. Alisema neno moja tu: Mama, nilikuomba.

Mwalimu akaniketisha, akanieleza polepole. Zile tarakimu ni hesabu. Arobaini na nane maana yake mtoto anahesabu kimya mara arobaini na nane, kila moja ina nne ndani yake, wenzake wakimpigia kelele masikioni, kisha anaingia peke yake. Akikosea hata moja, ukumbi mzima umejua. Nikauliza anahesabia wapi. Akasema kwa vidole vya mguu, ndani ya kiatu. Kumbe! Ndiyo maana soksi zake hutoboka kwenye kidole gumba, na mimi miaka mitatu namgombeza muuza soksi.

Mwanangu atapiga. Mimi nimekatazwa kusogelea meza ya mafaili. Nitakaa na Mama Fidla, anilinde.

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Onyesho! Ukumbi umejaa. Nimehesabu pamoja naye, vidole juu ya mkoba. Kufika thelathini na moja Mama Fidla akapenga kamasi, nikapotea. Nikaendelea kwa kubahatisha. Mara mwanangu akainua tarumbeta. Wengine wote wakanyamaza. Akaingia.

Jamani, jamani. Sauti moja, imenyooka kama uzi uliopakwa nta. Mwili ulinisisimka mpaka kilemba kikasogea. Mama Fidla akanishika mkono, akaninong'oneza huyo wako, mwenzangu, huyo wako! Nikamwambia na wako pia, asiyejikuna. Tukacheka mpaka watu wakatugeukia.

Baadaye mwanangu akaniletea upindo uliofumuka. Akauliza kama nilihesabu. Nikasema zote. Akasema mwongo wewe, akaniegemea begani huku nashona. Nimeshona taratibu makusudi.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Onyesho la mwisho jioni hii, kesho nyumbani. Nimeridhika. Nimeelewa kwamba ukimya nao ni kazi, na karatasi nyeupe si karatasi ya kuonewa. Nota za mwanangu sizigusi tena, hata nikibembelezwa.

Lakini yule binti wa nyuma kabisa, mwenye kichuma cha pembe tatu cha kugonga! Nimempigia pasi sketi asubuhi, nikamuuliza anapiga mara ngapi. Mara moja! Jioni nzima, ti, basi! Na anatabasamu, maskini, na mama yake hakusafiri. Huyu si wa kuhesabu. Huyu kaonewa kweli.

Karatasi sibadilishi, nilishakatazwa. Nitamwongezea tu kwa kalamu. Vidoa kumi na viwili hivi, vyenye mikia.

Nimemweleza Mama Fidla. Akafikiri kidogo, akasema kweli mtoto kaonewa. Yeye atasimama mlangoni.