Kile Si Rungu, Ndugu Mwenyekiti

Luhende, Mkereza Mbao,
Isevya, Tabora.
Jumatano, 9 Julai 1969.

Kwa Ndugu Twalibu,
Mwenyekiti, Ushirika wa Maseremala Jitegemee,
Tabora.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: ONYO ULILONIPA KWA KUKEREZA RUNGU BOVU

Nakusalimu kwa heshima zote, zile zilizobaki. Barua yako ya onyo ilinifikia jana ikiwa na mihuri miwili, nami nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa kicheko, mara ya pili kwa hasira, na mara ya tatu kwa kidole, maana shule mimi niliishia darasa la tatu na nusu, na ile nusu mwalimu alinisomesha akinikimbiza.

Najua wewe ni Mzaramo na mimi Mnyamwezi. Tangu babu zetu walipokuwa wakirushiana vijembe njia nzima ya misafara, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mtani akichukua kitu cha mtani wake hakuna kesi. Ndiyo sababu nimeandika. Ningekuja kwa mdomo ungecheka, nami ningecheka, tungenunua kahawa, na Jumamosi treni ingeondoka. Kwenye karatasi hakuna utani.

Onyo lako linasema kwamba siku ya Saba Saba niliuaibisha Ushirika mbele ya Mgeni Rasmi kwa "kukereza rungu la uongozi lenye kichwa kinacholegea, lenye tundu katikati, na lililojaa uchafu mweusi." Kwa unyenyekevu mkubwa naleta malalamiko yangu.

1. Kile si rungu. Ni kisagio cha pilipili manga. Unatia punje juu, unazungusha kichwa, unga unatoka chini. Mtu mwenye macho mawili, au hata moja likiwa zuri, angeona. Mimi nilikijua Elisabethville, kule Kongo, nilipokuwa nikiwahudumia Wabelgiji mezani nimevaa glavu nyeupe, katika nyumba yenye lifti. Lifti hiyo nimeipanda mara nne, mbili kati ya hizo kwa hiari yangu. Kwa hiyo ninapozungumza habari za vyombo vya mezani, Ndugu Mwenyekiti, sizungumzi kwa kubahatisha kama Kamati.

Kichwa kinalegea kwa sababu kazi yake ni kuzunguka. Tundu lipo kwa sababu pilipili haikubali kukaa ndani ya gogo. Na huo "uchafu mweusi" ni pilipili manga safi, nusu kikombe, niliyoitia ili kukijaribu. Uchafu ungekuwa na bei hiyo, Tabora nzima tungekuwa matajiri kwa kufagia.

2. Hamkuniuliza. Kisagio kile ni Jumapili nne za maisha yangu. Mninga ni wangu, niliukata mwenyewe na kuukausha miaka miwili chini ya kitanda, mke wangu shahidi, kwa kuwa ulikuwa upande wake. Kerezo ni la Ushirika, sikatai, lakini mguu unaolikanyaga ni huu wa kwangu. Nilitoboa kwa keekee kutoka juu na kutoka chini, matundu yakakutana katikati kama ndugu waliopotezana. Meno ya chuma niliyatoa kwenye mashine ndogo ya kahawa iliyokwisha kufa. Nikapiga msasa, nikapaka nta ya nyuki, nikachonga jina langu chini, nikakiacha juu ya meza yangu kikauke.

Wakati huo Kamati yako ilikuwa na kazi ya kutengeneza kigoda cha kumzawadia Mgeni Rasmi. Mlikutana mara nne. Kufikia Jumapili jioni kigoda kilikuwa na mihtasari minne na mguu mmoja. Ndipo Mjumbe Masolwa alipopita penye meza yangu, akaona kitu kinang'aa, akasema (nimeambiwa na aliyekuwepo), "Hili hapa, Mungu katuletea!" Luhende amekanyaga kerezo mwezi mzima, sifa kapewa Mungu. Sina ugomvi na Mungu. Nina ugomvi na Masolwa.

Nakubali kisagio ni kirefu kidogo. Cha Wabelgiji kilikuwa cha shibiri moja. Mimi nilikifikisha kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, maana Luhende hakerezi vitu vya shibiri moja. Lakini urefu haumfanyi mtu kuwa kiongozi, na kisagio vilevile.

3. Mlikitoa hadharani. Nilikuwepo, nyuma kabisa, nimeshika mti mmoja wa bango la Ushirika. Nilikuona ukipanda jukwaani na kisagio changu juu ya kitambaa cheupe, nikasikia ukisema, "Maseremala wa Jitegemee wanakukabidhi rungu la uongozi." Nikapiga kelele, "Jamani, hicho ni kisagio!" Watu wa mbele wakadhani ni salamu mpya ya Chama, wakaitikia, "Hoyee!"

Mgeni Rasmi akakishika shingoni, akahutubia. Na yeye, kama walivyo wasemaji wazuri, mikono haitulii. Kila alipofika penye neno zito alikizungusha kichwa. Kujitegemea, akazungusha. Kilimo ni msingi wa maendeleo, akazungusha. Kila hoja ikatoka na pilipili yake. Upepo wa Julai unaujua. Wa kwanza kupiga chafya alikuwa mpiga tarumbeta, na chafya ilipitia kwenye tarumbeta. Kisha safu ya wazee. Kisha wewe, Ndugu Mwenyekiti, mara saba. Nilihesabu kwa vidole vya mkono usioshika bango, viwili nikavirudia.

4. Kumbukumbu mmeandika uongo. Muhtasari wa mkutano, uliobandikwa mlangoni pa karakana, unasema, "Hotuba iliwagusa wananchi kiasi cha kutokwa machozi ya furaha." Vizuri sana. Basi nipeni nishani! Kama kisagio changu kimewaliza wananchi mia tatu kwa uzalendo, nipewe mninga nikereze vingine mia, kila mkutano usambaziwe kimoja, nchi nzima ilie. Lakini hamwezi kuyapokea machozi kwa furaha mlangoni, na ofisini mkaniandikia onyo kwa hayohayo machozi. Chagueni moja.

5. Hili la tano sitanii, nisome polepole.

Kisagio kile nilimkerezea Mama Kurban. Unamjua: Dolatbai, mjane wa marehemu Gulamali, mwenye duka la vitambaa Gongoni. Miaka minane iliyopita, niliporudi kutoka Kongo, watu wa mji huu walinisikia nimeingia na masanduku matatu. Niliwaambia mimi. Ukweli ni kwamba niliingia na glavu moja. Nilikaa barazani kwake kwa kuwa miguu ilikataa kwenda mbele. Akanitazama, akaniletea chai ya maziwa yenye pilipili manga, nikaanza kumweleza habari za masanduku. Akasema, "Kunywa kwanza, uongo utafuata." Tangu siku hiyo sijaanza kazi asubuhi bila kikombe chake.

Sasa vidole vyake vimevimba vifundo, mchi haushiki. Chai yake siku hizi haina pilipili, na mimi nainywa na kuisifu, jambo ambalo si rahisi. Tena mwaka huu mlango wake wa nyuma umevunjwa mara mbili. Aliniambia, "Luhende, nikisikia mlango unalia nakaa kitandani nimeshika kandambili. Ndilo jeshi langu." Mwanawe Kurban, aliyeko Dar es Salaam, ameandika: mama, funga duka, njoo ukae kwangu. Tiketi imekwisha kukatwa. Treni ya Jumamosi.

Sina uwezo wa kumzuia mama wa mtu. Nilitaka tu kwamba huko aendako, akiwa ugenini kwa mkwewe, anywe chai yenye pilipili na aseme, hii ni ya Tabora. Basi. Hicho ndicho mlichokitoa jukwaani.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumamosi:

(a) Kisagio kirudishwe kutoka kwa Mgeni Rasmi, kwa adabu, na apewe kigoda chenu. Mguu mmoja atakuwa nao tayari, mingine atumiwe kadiri mikutano itakavyokwenda.

(b) Onyo lifutwe, na Kamati nzima ihudhurie darasa langu la kutofautisha vyombo vya jikoni na vya vita. Tutaanza na mwiko.

(c) Kama (a) imeshindikana, Kamati ipande treni na Mama Kurban ikiwa na kinu na mchi. Masolwa atwange hadi Itigi, katibu apokee hadi Dodoma, mweka hazina hadi Morogoro, na wewe mwenyewe, kwa kuwa ndiko kwenu, umalizie kutwanga hadi Dar es Salaam, kisha ubaki nyumbani kwa Kurban ukiitwa Kisagio, ukilala jikoni, mpaka mama atakaposema imetosha.

Nadhani hayo si makubwa mno kwa Ushirika unaojitegemea.

Nisalimie Kamati yote, kila mmoja kwa cheo chake. Msalimie Mwanamkuu mkeo, mwambie mguu wa kitanda chenu uko tayari na kwamba sikuuharibu kwa kisasi ingawa nilifikiria. Wasalimie watoto wa karakana, walioko kerezoni na walioko kwenye randa, na mpiga tarumbeta. Masolwa msalimie kidogo.

Ni mimi mtani wako ambaye leo hataniwi,

Luhende, mkereza,
aliyefika Elisabethville.

NYONGEZA, Ijumaa mchana.

Ndugu Mwenyekiti, barua hii ilikuwa bado mfukoni nikitafuta gundi ya bahasha, dereva wa Mgeni Rasmi akasimamisha gari mbele ya karakana. Amesoma jina langu chini ya kisagio. Akanikabidhi kikiwa kimefungwa gazeti, akasema, "Mzee anashukuru sana kwa heshima, lakini kila akilishika, gari zima tunapiga chafya." Nikakimbia nacho hadi Gongoni.

Mama Kurban alikipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia azungushe kichwa. Akajaribu, vidole vikakataa. Mtu asiyeweza kushika mchi angezungushaje kichwa cha mninga? Hilo sikulifikiria kwa Jumapili zote nne, mimi niliyepanda lifti. Kisha akakishika shingoni, akakipima uzito, akaupiga mwimo wa mlango kwa nguvu ambayo sikujua anayo, pilipili ikamwagika. Akapiga chafya, akanitazama huku machozi yanamlengalenga, akasema, "Luhende! Rungu, na ndani umetia dawa ya macho ya mwizi! Kurban na shule zake zote hakuniwazia hili."

Nilifungua mdomo nimweleze. Badala yake nikazoa pilipili iliyomwagika, nikairudisha ndani.

Amelilaza kitandani pale kandambili ilipokuwa inalala. Amemwandikia Kurban kwamba haji. Tiketi inarudishwa stesheni leo hii.

Kwa hiyo nakuomba, mtani wangu, yote niliyoandika juu yahesabike hayakuandikwa. Kile ni rungu. Muhtasari ubaki kama ulivyo, nami hilo nitaliapia popote. Waambie Kamati, na hasa Masolwa, mwenye macho mazuri kuliko yote niliyokutana nayo, kwamba yeyote atakayetamka neno kisagio Gongoni, nitamkereza yeye. Onyo nalipokea, ila ondoa lile neno "bovu".

Pilipili ya chai nitakuwa namtwangia mimi kila asubuhi. Nikichelewa kazini, ndiyo sababu. Andika onyo jingine.