Jina la Kumi na Mafuta ya Nazi

Jumanne, 8 Julai 1986

Nimejiunga! Mume wangu Maulid aliuliza nimejiunga na nini. Nikamwambia ligi ya wanawake ya viatu vya magurudumu. Akaomba nisivunje meno, akarudi kwenye redio yake.

Ilianza hivi. Hatibu, mchuuzi wa mtaa wa Ngamiani, alifungua robota la kafa Ulaya, nguo kuukuu za ng'ambo, akitarajia makoti. Akakuta viatu, kila kimoja kina magurudumu manne chini. Hakuna aliyevitaka. Nesi Bibiana, aliyewahi kusoma Kanada, akavichukua vyote. Anasema huko wanawake huvivaa wakafukuzana kwa kuzunguka, wanasukumana kwa nyonga, na watu wanawapigia makofi. Sasa mtaani kwetu Chumbageni tuna timu na Ngamiani wana timu. Tunacheza katika ghala la mkonge lisilo na mkonge. Madirisha yamezibwa kwa magunia, wanaume hawaingii.

Mimi mchezo si hoja. Timu yetu imealikwa Mombasa tarehe 26. Kibali cha kuvuka mpaka wa Horohoro ni kimoja, cha majina kumi. Tisa yamejaa. Mdogo wangu Suhaila aliolewa Mombasa miaka kumi iliyopita. Mpaka ukafungwa. Ulipofunguliwa, pasipoti ikawa ndoto. Ana watoto watatu sijawaona hata mmoja. Wa mwisho kampa jina langu, Tuhfa. Nalitaka jina la kumi, tena nalitaka mpaka usingizi sipati.

Bibiana aliuliza kama nimewahi kuvivaa. Nikasema nimekulia navyo, Wete. Wifi yangu Salme, jina la tatu kwenye orodha, akauliza huko Wete sakafu ya saruji ilikuwa wapi. Nikamjibu Pemba haijui.

Alhamisi, 10 Julai

Mazoezi ya alasiri. Nimefunga kibwebwe barabara, suruali ya Maulid chini ya gauni. Nimeanguka mara kumi na moja. Bibiana akasema pengine magurudumu ya Pemba ni ya aina nyingine. Nikakubali upesi.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mmoja ni mpenyaji, anafungwa kitambaa chekundu kichwani. Wenzake na wapinzani wanajipanga ukuta mbele yake. Kila akimpita mpinzani, ni pointi moja. Mimi sijampita mtu. Nimepitwa na wote, Salme mara mbili, akicheka.

Kuna mgeni mwingine anayelitaka jina la kumi. Anaitwa Lea, mwalimu wa shule ya msingi, Mbondei wa Muheza. Kaanguka mara tisa tu. Ananiita dada Tuhfa na kuniokota kila nikianguka. Simpendi.

Bibiana atachagua baina yetu Jumamosi ya tarehe 19, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hajaingia zamu.

Ijumaa, 11 Julai

Baridi ya kusi imeingia kweli. Asubuhi mafuta yangu ya nywele yalikuwa meupe, yameganda kwenye chupa. Nikayaanika juani ndipo nikajipaka. Kila mwaka mwezi huu ni hivyo hivyo.

Nilifanya mazoezi ukumbini kwangu, nimeshika kamba ya nguo. Kamba ikakatika. Nikatoka mlangoni kwa kasi, nikashuka kibaraza kwa makalio, nikaingia katikati ya unga wa muhogo wa jirani, Bi Muzna, alioutandaza uani. Nilimwamkia shikamoo nikiwa bado nateleza. Aliitikia marahaba, kisha akauliza kama nimekunywa kitu. Nimeshinda mchana kutwa nikimchekechea unga.

Jumapili, 13 Julai

Nimepata siri!

Viatu vyote vinalia kama milango. Grisi haipatikani mjini. Salme anayo kidogo, kaipata kwa fundi wa reli, na hampi mtu. Basi nikakuna nazi nane, nikakamua tui, nikachemsha mpaka mafuta yakajitenga. Safi, yananukia. Nikayajaza kwenye magurudumu alasiri, kwenye joto. Yalizunguka bila sauti! Nimempita Salme! Nimempita kila mtu, ikiwa ni pamoja na mlango, maana sijajua kusimama.

Bibiana alisema nimebadilika. Wote waliuliza ninatumia nini. Nikasema ni maarifa ya Wete.

Jumatano, 16 Julai

Lea amenishika mkono nyuma ya ghala. Akasema dada Tuhfa, viatu vyangu vinakwama, naomba hata tone la hayo mafuta yako. Macho yake ni ya mtu asiyejua hila. Nilikaribia kumhurumia.

Nikamwambia aje nyumbani. Nikampa chupa ya mafuta ya cherehani, yale ya zamani, meusi, yananuka chuma. Nikamwambia ndiyo siri yenyewe, asimwambie mtu. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Lakini haya haimpeleki mtu Mombasa.

Leo alasiri nimempita tena. Alikuwa bado hajayatia.

Ijumaa, 18 Julai

Kesho ndiyo kesho. Nimejaza kijiko kizima cha mafuta ya nazi kwa kila gurudumu. Viatu nimeviweka dirishani vipate hewa. Nimemwandikia Suhaila barua kwamba nakuja. Nimemwambia amweleze Tuhfa mdogo kuwa shangazi... hapana, nimekosea, mimi ni mama yake mkubwa. Nimefuta. Nimeituma.

Jumamosi, 19 Julai

Manyunyu. Upepo wa kusi. Bibiana alipuliza filimbi.

Lea akaondoka. Mimi sikuondoka.

Nilisukuma mguu wa kulia. Haukwenda. Nikasukuma wa kushoto. Nikakaa chini, nikatazama. Magurudumu yote manane yamejaa mafuta meupe, magumu. Nikayapulizia kwa mdomo. Nikayasugua kwa viganja. Nikaomba jua litoke. Lea alinipita mara sita, viatu vyake havitoi hata sauti.

Salme alichota kidogo kwa ukucha, akanusa, akajipaka mikononi. Akauliza kama Wete hakuna Julai.

Kisha Lea akanikumbatia mbele ya wote. Akatangaza kwamba mafuta ya cherehani nilimpa mimi, na kwamba mpinzani mwingine asingefanya hivyo. Walipiga makofi. Bibiana alinishika bega, akasema huu ndio moyo wa mchezo. Akaandika jina la Lea.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, viatu begani. Nimelia. Maulid alizima redio, jambo ambalo halijawahi kutokea. Barua iko njiani na mimi siendi.

Jumatatu, 21 Julai

Salme amekuja alasiri. Nilidhani amekuja kucheka. Akasema jana alikwenda kwa Bibiana, akamwambia timu haiwezi kusafiri bila mtunza viatu. Leo asubuhi Bibiana akaenda ofisini kuomba. Kibali kimeongezwa jina la kumi na moja. Langu!

Nilimwuliza kwa nini amefanya hivyo. Akasema ananisikia nikimtaja Suhaila tangu aliponifahamu, na amechoka. Nimemkumbatia mpaka mtandio wake ukaanguka. Nimemwambia yeye ni wifi wa kuringia. Nimesema kweli, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekabidhiwa jozi zote kumi. Kesho tunaondoka. Mechi ni Jumamosi saa moja asubuhi, maana baadaye ukumbi una harusi. Nitamwona Suhaila Ijumaa jioni. Nimemshonea Tuhfa mdogo gauni. Sijui kimo chake, nimekisia.

Lea alipita na ile chupa ya mafuta ya cherehani. Akasema bado yamo ya kutosha viatu vyote. Nimemshukuru, nikaifungia kabatini. Mtu wa Muheza atamfundisha mafuta mtu wa Pemba?

Nimegundua kosa langu la Jumamosi. Kijiko kimoja kilikuwa kidogo. Leo nimetia viwili kwa kila gurudumu, yote themanini, kutoka kwenye nazi ishirini nilizokuna mwenyewe. Sasa ni saa tisa alasiri, jua kali, nayo yanazunguka vizuri ajabu. Bibiana atafurahi.