Habari za Mwanangu Zilizoteremka Kilima Bila Breki

Kijiji cha Ujamaa Nyamihanga,
Wilaya ya Ngara.
14 Julai, 1979

Ndugu Katibu Kata,

Natumaini barua hii itakukuta ofisini na si njiani. Mimi ni Gaspari Bukuru, mwalimu mstaafu, mkazi wa nyumba ya pili kutoka juu. Naomba isomwe kwa sauti mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na kwamba atakayeisoma asimame mahali pamoja tangu salamu mpaka sahihi. Sababu ya ombi hilo itaonekana.

Ndugu wajumbe, mnafahamu kwamba mwanangu Ildefonce aliondoka mwezi Novemba pamoja na vijana wenzake kwenda vitani, na kwamba tangu Pasaka mimi na mama yake hatujapata neno lake. Mnafahamu pia kwamba habari za askari wetu hufika ofisi ya kata, kule juu ya kilima, kisha huteremshwa kwetu na tarishi Leonidas kwa baiskeli ya kijiji. Baiskeli hiyo ni mali yetu sote na sina neno nayo, isipokuwa haina breki. Ya mbele ilikatika wakati wa masika. Ya nyuma ilifunguliwa ili iwe mfano wa kununulia nyingine. Mfano ukapelekwa Biharamulo na haujarudi. Vipuri hakuna, tunaelewa, nchi ilikuwa vitani. Leonidas anaposhuka hukanyaga gurudumu kwa soli ya katambuga, jambo linalopunguza katambuga bila kupunguza mwendo. Wala harudi kwa njia hii. Kilima chetu ni kikali kwa kusukuma, hivyo akifika bondeni huzunguka na kupandia njia ya Nyakisasa. Sisi humwona akishuka tu, kama mvua.

Jumanne iliyopita alishuka na habari ya mwanangu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kwamba habari hiyo iligawanywa. Nilikuwa uani nikianua maharage Leonidas alipotokea, akasema, "Shikamoo Mzee Gaspari, mwanao Ildefonce." Hapo nyumba yangu ikaisha. Ndugu Bernardo wa nyumba inayofuata alipata "ameonekana Biharamulo." Mama Auleria, ambaye ni wa mwisho, alikuwa akitwanga, yeye alipata "hospitali," na anakiri kwamba mchi ulikuwa ukigonga, hivyo huenda lilikuwapo neno jingine kabla yake. Baada ya Auleria hakuna nyumba. Kuna migomba, kisha kijito. Sehemu iliyobaki ya sentensi iliingia humo, na mimi na Restituta mke wangu hatujui kama mtoto yu kitandani, yu mlangoni, au yu mahali ambapo sipendi kupaandika.

2. Kwamba jambo hili limefanyika kwa jina la ujamaa. Mwaka 1974, tulipohamishwa kutoka migombani kwetu na kupangwa mstari mmoja kando ya barabara, tuliambiwa ni kusudi huduma zitufikie kwa urahisi. Sikupinga, niliwafundisha watoto wimbo wake. Shamba tunalima pamoja. Plau ya ng'ombe tunaimiliki pamoja, hata siku ambazo ng'ombe hawapo. Lakini sijasoma azimio lolote linaloagiza mtoto wa mtu agawiwe kaya kwa kaya kama mbegu za pamba, baba apewe jina, jirani apewe mji, na jirani wa jirani apewe hospitali.

3. Kwamba wenye vipande wameanza kujiona. Bernardo, ambaye zamani alikuwa akija kwangu kuomba moto, sasa hutembea kijijini kwa hatua za mtu anayejua mambo ya Biharamulo. Hatamki kipande chake mpaka akaribishwe rubisi, na akishanywa hukitamka kilekile, bila kuongeza hata nukta. Auleria ni mwungwana zaidi, ila amechoka kuulizwa. Juzi alimwambia mke wangu, "Dada Restituta, mimi nilipewa hospitali tu. Wodi sikupewa."

4. Lalamiko la nne limeondolewa na mke wangu nilipokuwa nikimsomea. Lilimhusu yeye. Amesema hakuna haja ya mkutano mzima kujua anavyolala.

5. Kwamba adabu yetu inabomoka pamoja na soli za Leonidas. Kwetu sisi, kijana aliye juu ya baiskeli akimkuta mzee hushuka, huiegemeza, husalimu, na hungoja aitikiwe ndipo apande tena. Leonidas hunitupia shikamoo akiwa mlangoni kwangu, na marahaba yangu humkuta Auleria. Mama huyo amekuwa akipokea marahaba yangu mwaka huu wote bila kunisalimu, na nimeona anaanza kuizoea. Ndugu wajumbe, salamu isiyosimama si salamu. Naomba mkutano uzifute salamu zote zilizotolewa kwa mwendo katika barabara hii. Na yeyote atakayepita kwangu bila kushuka, awe mtoto wa nani, isihesabiwe kwamba amenisalimu.

6. Kwamba nilipanda mwenyewe hadi ofisi ya kata, nikapokelewa na karani kwa heshima yote na kupewa kiti. Akaniambia, "Mzee wangu, habari yako imekwisha shuka. Hapa juu hatuna tena." Nilimwomba aikumbuke tu. Akanieleza, kwa upole ambao ningeupa alama za juu, kwamba habari iliyokwisha kukabidhiwa kwa tarishi ni ya tarishi, na kwamba tarishi ametumwa Rusumo. Nilimuuliza juu ya lori la Biharamulo, akasema lipo, mafuta ndiyo hayapo. Miguu yangu nayo siku hizi mwisho wake ni mnada wa Kasulo. Nikateremka. Ningekuwa na baiskeli ningepita nyumbani kwangu.

Kwa kuwa sipendi kulalamika bila kujenga, naleta mapendekezo.

Kwanza, kilima kipunguzwe. Kijiji hiki kimechimba mitaro, kimefyatua matofali na kubeba mawe ya zahanati kichwani. Hakiwezi kushindwa na mteremko mmoja. Udongo utakaopatikana uzibie kijito, ambacho bado kinashikilia habari isiyokihusu.

Kilima kikishindikana, basi Leonidas aanze kusema akiwa juu zaidi, penye shule, ili mwisho wa sentensi uangukie kwangu. Natambua kwamba mwanzo wake utaangukia kwa jirani yangu wa juu, Mama Josefina, na mama huyo bado ana ungo wangu tangu mavuno ya mwaka juzi.

Hilo nalo likikataliwa, tuhamishwe tena. Safari hii tusipangwe mstari. Tubananishwe kaya zote mahali pamoja, ukuta kwa ukuta, kiasi kwamba mtu akipita kwa kasi yoyote asiweze kumpa mmoja neno bila kuwapa wote. Uzoefu wa kuhama tunao, na baadhi yetu vyombo havijafunguliwa vyote tangu uhamisho ule wa kwanza.

Mwisho kabisa, kama mkutano utaona hayo ni mazito, naomba kibali cha kulaza gogo la mkaratusi katikati ya barabara mbele ya mlango wangu. Gogo ninalo, liko tayari uani. Leonidas ni kijana mwepesi na ardhi ya pale ni laini. Atakapoinuka na kujipangusa atanisalimu kwa utaratibu, nami nitamuuliza jambo moja tu.

Sina ugomvi na mtu. Naomba unisalimie wazee wa juu na wa bondeni, walimu wenzangu wa zamani, mama wa zahanati, karani wako pamoja na kiti chake, na Bernardo, aambiwe kwamba mtungi umekauka. Leonidas naye nisalimie sana, ila naomba salamu hii apewe akiwa amesimama.

Ndimi mwananchi mwenzako, ninayengoja penye mteremko,

Gaspari Bukuru

Baada ya sahihi: Naongeza haya kwa haraka, na mniwie radhi kwa mwandiko. Nilikuwa nikitafuta bahasha baiskeli ilipopita. Aliyekuwa juu yake hakuwa Leonidas. Nilichopata mimi ni "Shikamoo Baba." Maneno mengine yamekwenda kwa Bernardo na kwa Auleria, nami nawaachia, wagawane. Niliitikia marahaba, na sijui imefika wapi.

Naondoa malalamiko yote, pamoja na la nne. Salamu ile nimeipokea kamili, ihesabiwe. Kilima kisiguswe. Gogo nalipasua kuni, maana usiku wa leo tutapika.

Leonidas ameshuka nyuma ya mwanangu kwa miguu, baada ya kumwazima baiskeli. Amesimama mbele yangu kama nilivyokuwa nikidai, amenisalimu vizuri, na sasa ananipa habari yote tangu mwanzo: Biharamulo, hospitali, mwenzake aliyejeruhiwa ambaye Ildefonce alikuwa akimuuguza. Ni sentensi nzuri, ina kila kitu, nami sina subira ya kuisikiliza.

Limebaki ombi moja, na ni la dharura. Kijana sasa anapanda akisukuma baiskeli. Tunamwona kutoka hapa mlangoni, miguu yote miwili. Lakini kwa kuwa tulimlea vizuri, amesimama kwa Auleria, ameiegemeza baiskeli, amesalimu, na anangoja aitikiwe; na Auleria haonyeshi dalili ya kumaliza. Bernardo naye ameshatoa kiti nje. Restituta amekwisha kuvua kanga ya pili na anatimua mbio kuteremka. Naomba mkutano upitishe azimio, kwa leo tu, kwamba vijana wapite bila kusimama.