Magamba ya Bahari Barazani Kwangu

Leo nimeadhirika hapa Manyoni, tena nyumbani kwangu mwenyewe.

Mnajua nafundisha shule. Shemeji yangu wa bandarini Dar es Salaam aliniletea kwa treni mawe mawili yaliyogandwa na vidude vya baharini, vile vinavyong'ang'ania miamba na matumbo ya meli. Kila kimoja kina ganda gumu, kama kichuguu kidogo chenye tundu juu. Jiwe moja lilikuwa na aina yenye milia ya zambarau. La pili, aina nyeupe tupu. Ni ndugu wa karibu, lakini si aina moja. (Niliyatazama mpaka mke wangu Elizabeti akauliza kama nimeoa mawe.)

Leo mkaguzi wa shule, Mwingereza, alikuwa akipita. Yeye ndiye anayechagua mwalimu mkuu. Nikamkaribisha chai barazani, nikatoa mawe.

"Tazama, bwana. Huyu wa milia, tundu lake limechongoka. Huyu mweupe, tundu lake ni la mviringo."

Jana halikuwa la mviringo. Nikajiona nimegundua jambo. (Ndiyo, kichwa kilivimba.)

Mkaguzi akavaa miwani. "Na ganda la mweupe ni laini zaidi?"

"Laini kabisa, bwana."

Hapo kuku akarukia meza. Akadonoa mweupe mmoja, akameza. Akadonoa wa pili. Nikamfukuza kwa kofia ya mkaguzi.

"Mwalimu," mkaguzi akauliza taratibu, "kuku wa huku wanakula magamba?"

Nyuma ya mlango ikatoka sauti ya mama mkwe. Amekuja juzi kutoka Iramba, na kwa heshima hatukai baraza moja.

"Baba, unisamehe. Asubuhi niliona jiwe chafu, nikalikwangua kwa kisu. Nilipoona jiwe la pili kama hilo ndipo nikajua ni mawe yako. Nikafinyanga vidude vingine kwa ugali wa jana, nikaanika juani. Nilitaka Elizabeti akwambie, lakini hajarudi sokoni."

Ugali. Nimemfundisha mkaguzi wa serikali maumbile ya ugali.

Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Akaomba kikombe cha pili, akamsifu mama mkwe kupitia mlangoni kwa ufundi wa mikono. Wakati wa kuaga akasema ualimu mkuu ni wangu, mradi nisifundishe mapishi.

Basi chekeni mmalize hapa hapa. Mwalimu mkuu hachekwi njiani.