Waifai ya Bibi Robi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeahidi jambo kubwa. Nilikuwa napita tu kwenye korido ya chini, Bibi Robi akaniita. Shikamoo, marahaba. Akauliza kama ni kweli nimefunga waifai. Nikasema ndiyo, tena ina nguvu ajabu. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza!

Mwanawe Werema yuko Afrika Kusini mwaka wa nne sasa. Amepata mtoto wa kwanza. Jumamosi saa kumi jioni atapiga simu ya picha. Chumba cha bibi ni cha nyuma kabisa, mtandao wa simu haufiki, na magoti yake yamegoma ngazi. Nikamshauri tumtolee kiti getini. Akakataa. Anataka akae kitandani kwake, picha ya marehemu mzee ikiwa ukutani nyuma yake, mjukuu awaone wote wawili pamoja.

Nikasema waifai yangu itamfikia hapo hapo. Mimi! Ninayeishi ghorofa ya tatu, na kutoka sebuleni haifiki hata chumbani kwangu mwenyewe!

Godwin anaishi ukuta kwa ukuta na bibi, na waifai anayo. Nimwombe Godwin? Baada ya ile pampu ya maji niliyohangaika nayo siku mbili, yeye akaiwasha kwa dakika kumi huku anatafuna muhogo? Hapana.

Jumanne, 4 Machi

Nimesimamisha sinia la bati nyuma ya ruta lisukume mawimbi kwenda chini. Neno la siri nimeliondoa kwa muda, kwa ajili ya majaribio. Nikashuka kwa bibi. Hakuna kitu. Nikapanda, nikainamisha sinia. Nikashuka. Hakuna. Ngazi hamsini na nne kila safari.

Saa kumi na moja Simioni wa buchani, ng'ambo ya barabara, akanipungia kisu kwa furaha. Eti tangu mchana wanaangalia mpira bila kukatika, Mungu anibariki. Nimerudisha neno la siri. Simioni hakunipungia tena.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda Sirari, nimenunua kifaa cha kuongeza mtandao. Mama aliyeniuzia, kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, alisema hiyo ni moto, nitarudi kumshukuru. Nikakichomeka chumbani kwa bibi. Taa nyekundu. Nikatoka hadi getini, nikampigia yule mama. Akauliza kama hapo nilipokichomeka mtandao unafika. Nikasema haufiki, ndiyo maana nimekinunua! Kisha akanieleza taratibu, kama anaongea na mgonjwa, kwamba kile kinaongeza kilichopo, hakizai. Nikiweke katikati.

Katikati ni kwa Agustina, ghorofa ya pili.

Alhamisi, 6 Machi

Agustina amekubali. Taa ya kijani! Kwa bibi, vijiti viwili! Nikampigia simu ya picha kutoka koridoni. Aliuona uso wangu, akasema nimekonda.

Baada ya saa moja, kimya. Agustina amechomoa kifaa. Anapiga pasi sare za kwaya, thelathini na mbili, Jumapili wana wageni kutoka Mugumu, na soketi inayofanya kazi ni moja. Nikamweleza habari ya mjukuu. Akasema naye anamtumikia Mungu. Nikachukua kifaa changu, nikatoka.

Nilikaa kwenye ngazi na simu mkononi. Nikahesabu mitandao kumi na moja ikipita kifuani kwangu, yote imefungwa. Jengo hili tunasikiana hata kukohoa. Najua nani amegombana na mkewe na nani ameunguza maharage. Lakini bibi mmoja kuona mtoto wa mwanawe imekuwa kazi ya wiki nzima. Nimewaza sana. Kisha nikawaza waya.

Ijumaa, 7 Machi

Waya! Nimeushusha kutoka dirishani kwangu, nikaufunga kwenye nondo za baraza ya Agustina ukakazika vizuri, ukashuka hadi kwa bibi, mwisho nikachomeka ruta yangu ya zamani. Umepita mbele ya dirisha la Godwin. Akatoa kichwa. Akauliza, kwa upole unaoudhi, waya ni wa nini. Nikamwambia.

"Si ungeniambia tu, Ezekiel? Mimi na bibi tumetenganishwa na tofali moja."

Nikajibu asante, mradi umekamilika. Na ulikuwa umekamilika kweli! Vijiti vinne! Nimejipongeza kwa wali nyama.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tisa bibi alikuwa tayari. Kitenge kipya, hereni, picha ya mzee imefutwa vumbi. Saa tisa na nusu waya umekatika. Agustina ameona kamba mpya barazani kwake, akaanika mablanketi mawili mabichi.

Saa kumi na dakika tano niko juu, nimeng'ata waya kwa meno, nikasikia kigelegele. Kilitoka chini. Nikashuka mbio.

Godwin alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameinua simu ili bibi na picha ya mzee waingie wote. Kwenye kioo, mtoto anapiga miayo. Bibi anaongea Kikurya, analia na kucheka kwa pamoja. Mtoto amepewa jina la babu yake, Mwikwabe. Bibi aliponiona akamwambia Werema: "Huyu ndiye Ezekiel aliyeniletea mtandao." Werema akanishukuru. Godwin akanitazama, akaendelea kuinua simu.

Nikasema karibu sana.

Sijui kwa nini nilisema.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa bibi kukiri. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mura, kijana wangu, najua. Godwin aliniwekea neno lake la siri mbele ya macho yangu. Lakini wiki nzima nimekusikia unapanda na kushuka. Nilitaka Werema ajue kuna mtu wa kunikimbilia."

Nilikaa pale kitandani kama mtoto wake.

Nilipotoka, Godwin akanisimamisha. Akasema tuunganishe, ruta yake chini na yangu juu, neno la siri moja, na jengo zima lipate. Angependa tufanye kazi hiyo pamoja. Alisema hivyo bila kejeli yoyote. Ni wazo zuri. Nimemwambia nitafikiria.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiria. Shida haikuwa waya wala sinia. Shida ni kimo! Nimepata bomba la chuma la mita sita. Nikilisimamisha juu ya paa, ruta kileleni, mtandao utamwagikia kila mtu, Godwin akiwemo, naye ataniomba neno la siri. Nitampa. Sina kinyongo.

Mwenye nyumba sijamwambia, nataka ashangae. Wingu zito limetanda upande wa Susuni na radi zimeanza. Napanda sasa hivi, niwahi kabla ya mvua.