Meza Isiyokubali Mtu Mmoja

Ndugu Fundi Mkuu, ambaye pia ni Mjomba wangu mpenzi,

Na bado sikuwa nimemaliza, Mjomba, simu ilipokatika. Nilikuwa nimefika pale pa kukuomba uje uichukue meza yako. Shikamoo kwanza. Naandika kirasmi ili usipate nafasi ya kucheka kama ulivyocheka kwenye simu.

Meza ninayoilalamikia ni ile uliyotuzawadia siku ya harusi yetu, siku tamu kuliko zote tangu dunia iumbwe. Sisemi ni mbaya. Uso wake ni wa mviringo, laini kama shavu la mume wangu akitoka kunyoa. Tatizo ni viti. Viko viwili, umevifunga kwenye ncha za boriti moja inayopita chini ya meza kama mkono wa mizani. Tukikaa wote wawili, vinatulia sawasawa. Akikaa mmoja, anashuka mpaka kidevu kinagusa ukingo wa meza, na kiti cha pili kinapaa kitupu. Sasa ndipo naelewa kwa nini ulitupandisha kwenye mizani ya kupimia misumari pale karakanani ukasema ni mchezo tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siwezi kula peke yangu. Mume wangu ni mwokaji mikate, na akichelewa kurudi, chakula kinapoa huku nimesimama dirishani kama mlinzi. Akitokea kwenye kona, na unga bado kwenye nyusi zake (nyusi hizo, Mjomba!), nakimbilia mezani kabla hajavua viatu. Mtu mzima hapaswi kufurahi hivyo kwa sababu ya maharage.

2. Siwezi kununa. Juzi tuligombana kuhusu taulo lililoachwa kitandani likiwa limelowa. Nilitaka kuinuka kwa hasira, niondoke kwa madaha, mlango nao niubamize. Lakini nikiinuka, yeye anadondoka na chai ya moto mkononi. Ikabidi nimwombe kwa adabu amalize chai yake ili nikanune. Naye akanywa polepole, makusudi kabisa, huku ananitazama. Alipofika kwenye majani ya chai yaliyobaki kikombeni, nilikuwa nimesahau taulo ni la nani. Kazini kwangu, mapokezi ya kliniki ya meno, nilichelewa. Daktari aliniuliza sababu, nikamwambia ni boriti.

3. Hili ndilo zito. Mama mkwe alikuja kunitembelea mume wangu akiwa kazini. Unajua alivyokuwa hanipendi. Tangu harusi alikuwa ananiita "huyo mke wa mwanangu" hata nikiwa nimesimama mbele yake. Kabla sijamwonya, akakaa kwenye kiti cha mwanawe. Akazama, kikabaki kilemba. Nikaruka kwenye kiti cha pili kumwokoa, nikasahau kwamba boriti umeipima kwa uzito wa mwanawe, si wa mama mwembamba kama yeye. Nikazama mimi, akapaa yeye, miguu inaning'inia.

Hapo tukakwama. Nikiinuka, anaporomoka. Akiruka, atavunjika. Akaniamuru nisithubutu hata kupiga chafya. Mkate na mchuzi vilikuwa mezani, lakini mimi kidevu kilikuwa ukingoni na siwezi kufikia kitu. Basi akawa anamega mkate, anachovya, ananipa mkononi kutoka huko juu, huku anaguna. Baadaye miguno ikaisha. Akanisimulia jinsi mume wangu alivyokuwa akificha vipande vya mkate chini ya mto alipokuwa mdogo. Akaniambia pia kwamba tangu televisheni iingie nyumbani kwao, baba mkwe anakula sebuleni akitazama mpira, na yeye anakula jikoni kwenye kigoda, anatazama sufuria. Mwokaji wangu aliporudi kutuokoa, mama alikuwa ananiita "mwanangu", na mchuzi ulikuwa kwenye nywele zangu.

Tangu siku hiyo haishi kuja. Anaingia, anaipapasa meza, anauliza kama inapita mlangoni kwake. Ninavyomwona, ataibeba.

4. Ni hatari kwa jamii nzima. Fikiria meza hizi zikifika maofisini. Bosi hataweza kuketi mpaka mfagizi aketi upande wa pili. Wachumba watachunguzana kabla ya kuoana. Wanaume watalazimika kurudi nyumbani chakula kikiwa bado cha moto. Nani ataendesha nchi?

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: njoo uichukue meza hii kabla haijaharibu kabisa tabia yangu, na utuletee meza ya kawaida yenye viti vinne, ambapo kila mtu anaweza kula, kununa na kuondoka kwa wakati wake.

Nisalimie mkeo, mafundi wote karakanani, na yule paka anayelala kwenye maranda. Mume wangu anakusalimu. Yuko upande wa pili wa boriti, hajui ninaandika nini, anasubiri tu nimalize ili tuinuke.

Wako mtiifu mwenye malalamiko,
Mpwa wako, mke wa mwokaji

N.B. Ukija kuichukua, njoo bila gari, bila spana na bila msaidizi. Na tafadhali anza leo kutengeneza nyingine kama hii hii, ya mama mkwe na baba mkwe, kabla hajaja kuibeba yetu. Baba ni mzito, mama unamjua, kwa hiyo upande wa mama boriti iwe ndefu sana. Elekeza viti mbali na televisheni. Baba hataki kabisa kusikia habari za kupimwa, lakini tumeshapanga: tutamleta karakanani kabla mwezi huu haujaisha, tumwambie ni mchezo tu.